Boti ya pantoni kwa bahari ya Kilifi: maboya mawili yanatosha?

Mkaazi wa Lang'ata

Hamjambo wote. Kwa miaka kadhaa familia yetu imekuwa ikikodi boti ya pantoni kule Naivasha, ile yenye sitaha bapa iliyolazwa juu ya maboya mawili marefu ya alumini. Tumeipenda hasa kwa sababu ya mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kuvuka ukingo wa mashua, lakini kwenye pantoni huingia kama anayeingia sebuleni. Sasa tumejenga nyumba ndogo Kilifi na tunataka kununua boti yetu. Muuzaji mmoja hapa Nairobi ametuonyesha pantoni ya mita saba iliyotumika ziwani tangu ilipoingia nchini, naye anashikilia kwamba maji ni maji. Tutakuwa watu wanane, na tungependa kutembea horini, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, kisha siku za utulivu tutoke hadi nje ya mwamba wa matumbawe. Je, chombo cha aina hii kitahimili? Na nitazame nini kabla ya kutoa pesa?

Mzaliwa wa Lamu, mkaazi wa South C

Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Horini pantoni itawafaa sana, na ndani ya mwamba itawafaa kwa kuchagua siku na saa. Nje ya mwamba nakuomba usiipeleke, hata ikiwa mpya.

Sababu iko kwenye umbo lake. Mashua ina omo, yaani sehemu ya mbele, iliyochongoka na ubavu unaopanda, kwa hiyo wimbi likija huipasua au huinuliwa nalo. Pantoni ina sitaha bapa iliyo karibu na maji, na mbele pana kijilango cha abiria. Omo ikiingia kwenye bonde la wimbi, sitaha huchota maji, uzito wa maji hayo huikandamiza omo zaidi, na wimbi linalofuata hukuta mlango umekwisha funguliwa. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu. Ilikuwa Agosti, kwenye mlango wa hori ya Kilifi, bamvua, yaani maji makubwa, likitoka kwa kasi na kusi, ule upepo wa kusini, ikivuma kutoka baharini. Maji yakitoka na upepo ukiingia, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Tulikuwa wageni watano, na wanne walikuwa wameketi mbele ili kupiga picha. Wimbi la pili lilipita juu ya sitaha, likabeba viatu na kapu la chakula hadi tezi, nyuma kabisa, na maji yakatufika kwenye vifundo vya miguu. Nahodha alipunguza mwendo, akawaamuru wote warudi nyuma, ndipo omo ikainuka. Mawimbi yenyewe hayakufika mita moja na nusu.

Kwa hiyo anza na majira. Kusi huwa kali zaidi kati ya Juni na Agosti, na miezi hiyo kaeni horini. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika, takriban Machi na Aprili kisha Oktoba na Novemba, bahari hutulia, na asubuhi mnaweza kutembea ndani ya mwamba bila hofu. Jueni pia saa za maji, maana bamvua la pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, nayo Naivasha haina jambo kama hilo.

Kuhusu chombo chenyewe, kwa watu wanane nisingechukua maboya mawili. Tafuta yenye maboya matatu, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 60 au zaidi na likiwa limegawanywa ndani kwa vyumba visivyopitishiana maji, ili tundu moja lisizamishe ubavu mzima. Boya la katikati huipa boti uwezo wa kubeba injini kubwa na hupunguza kuyumba. Kama ilitengenezwa kwa soko la Ulaya, soma kibao chake: herufi D ni ya maji yaliyokingwa yenye mawimbi ya sentimita 30 hivi, na C ni ya mawimbi yasiyozidi mita 2. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha kibao hicho, muage.

Fundi wa alumini, Kariobangi

Nakubaliana na ndugu wa Lamu, nami naongeza suala la chumvi, kwa sababu ndilo linaloua boti hizi polepole. Lala chini ya boti na tochi. Tazama pale boliti za chuma kisichoshika kutu zinapogusa alumini: ukiona unga mweupe unaobanduka kwa kucha, na chini yake vishimo kama vya sindano, alumini imeanza kuliwa. Pima na mishono ya kuchomelea kwenye ncha za maboya. Boti ya ziwani mara nyingi huwa na vipande vya magnesi vya kuliwa badala ya alumini. Baharini vipande hivyo huisha upesi, kwa hiyo vibadilishwe kwa vya zinki. Usikubali kupakiwa rangi yenye shaba ya kuzuia viumbe wa baharini wasigande, kwa maana shaba na alumini ndani ya maji ya chumvi haziwezi kuishi pamoja. Hata plaiwudi ya sitaha, kama ilitiwa dawa ya shaba, huozesha mihimili iliyo chini yake.

Injini nayo ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mnaporudi.

Dereva wa boti, zamani Naivasha

Jambo moja limesahaulika. Naivasha iko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huipunguzia injini nguvu, na rafadha (propela) huchaguliwa kufuatana na hali hiyo. Ukiishusha Kilifi bila kubadilisha rafadha, injini itazunguka kupita kiwango chake.

Mkaazi wa Lang'ata

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Leo asubuhi nimelala chini ya ile boti na tochi ya simu. Unga mweupe upo kwenye boliti sita za upande wa kushoto, na kibao kina herufi D. Nimemwambia muuzaji kwamba siichukui. Tumekubaliana nyumbani kutafuta ya maboya matatu kwa ajili ya horini tu, na siku tutakapotaka kutoka nje ya mwamba tutakodi boti ya fibaglasi yenye nahodha wa huko huko. Mama ameuliza jambo moja pekee, kama hiyo mpya nayo ina kijilango mbele.