Semina ya kupima hulka za mbwa waliookotwa: tufundishe nini?

Kijana wa Nyegezi ameuliza:

Wana Mwanza wenzangu, mwangaluka. Sisi ni watu saba tunaojitolea kuokota mbwa wasio na mwenyewe, hasa wale wanaozurura Mwaloni, Kirumba, wakifuata harufu ya dagaa, na wale wanaotelekezwa kandokando ya barabara upande wa Buhongwa. Tunawahifadhi uani kwa mwenzetu mmoja hapa Nyegezi, tunawatibu kadiri mfuko unavyoruhusu, kisha tunawatafutia wafugaji.

Wiki mbili zilizopita mmoja wetu alileta kipimo alichokiona mtandaoni. Mkono wa plastiki hufungwa kwenye fimbo, kisha husogezwa kwenye bakuli mbwa anapokula ili ionekane kama atauma. Tulimjaribu jike wa rangi ya kahawia aliyekuwa na siku mbili tu kwetu, tukamwekea ugali na mapanki. Mkono ulipokaribia aliacha kutafuna, akakakamaa pua ikiwa bado ndani ya bakuli, akautazama kwa pembe ya jicho hadi weupe ukaonekana, kisha akaung'ata mara mbili. Wenzangu watatu walisema amefeli na kwamba ni heri achomwe sindano ya kumlaza moja kwa moja. Nilipinga, lakini kwa kweli sikuwa na hoja, nilikuwa na huruma tu.

Sasa tunaandaa semina ya siku moja, na ratiba iliyopendekezwa imejaa vipimo vya namna hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Naomba wenye ujuzi mnieleze kama vipimo hivi vina uzito wa kumhukumu mbwa, na kama havina, mtu asiye mtaalamu afundishwe nini ndani ya siku hiyo moja.

Daktari wa Mifugo, Igoma:

Kijana, kabla ya hulka kuna kichaa cha mbwa, na nimesikitika kwamba katika maelezo yako yote hukutaja chanjo. Virusi vyake huweza kukaa mwilini mwa mbwa kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi, kabla dalili hazijaonekana, kwa hiyo mbwa aliyetulia siku ya kwanza hajathibitisha lolote kuhusu afya yake. Mbwa ambaye hamjui alikotoka achanjwe anapofika na atengwe na wenzake.

Semina yenu ianze na kuosha jeraha la kuumwa na mbwa, na si kwa maneno tu, bali kila mtu asimame bombani na kipande cha sabuni aone dakika 15 zilivyo ndefu. Baada ya hapo ni hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Mbwa aliyeuma afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu yule ambaye tayari anatoa virusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya muda huo. Nyinyi mnaoshika mbwa wasiojulikana kila wiki mnastahili pia kuchanjwa kabla ya kuumwa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi mbili zinazopishana kwa siku 7. Chanjo hiyo haikuondolei safari ya hospitali ukiumwa, ila hupunguza sindano utakazochomwa huko.

Lingine ni maumivu. Niliwahi kuletewa dume lililosemwa kuwa kali kwa sababu lilifoka kila lilipoguswa kichwani. Nilipolifungua sikio nilikuta kupe wamejipanga hadi ndani, na sikio lilipopona ukali ule haukuonekana tena. Asipimwe hulka mbwa ambaye hajapimwa mwili.

Mkufunzi Mstaafu, Pasiansi:

Nimefundisha mbwa wa ulinzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna wakati nami niliviamini vipimo hivi. Mkono wa plastiki ulitumika sana katika vituo vya mbwa vya Marekani, na ni hukohuko ulikotiliwa shaka. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia mbwa waliopimwa kituoni hadi majumbani kwa wafugaji wao, ukaonyesha kwamba karibu nusu ya wale waliogombea chakula wakati wa kipimo hawakufanya hivyo nyumbani, huku baadhi ya waliofaulu wakifanya. Mwaka 2016 watafiti Gary Patronek na Janis Bradley walikokotoa uwezekano wa vipimo vya aina hii kukosea, wakavilinganisha na kurusha sarafu. Kiini cha hoja yao ni kwamba mbwa wa hatari kweli ni wachache, kwa hiyo hata kipimo chenye nafuu kitawatia hatiani wengi wasiostahili.

Kwetu kuna kasoro nyingine ambayo Wamarekani hawakuwa na sababu ya kuiwaza. Mbwa wa mtaani Mwanza amekulia kwenye mawe. Mtoto anayetaka kumfukuza huinama, na mara nyingi hana haja ya kuokota chochote, kwa kuwa kuinama peke yake kunatosha. Sasa huyo mpimaji wenu anainama mbele ya mbwa, ameshika fimbo, na mbwa ana njaa na yuko katika uwanja asioujua. Mnadhani mlipima jinsi anavyolinda chakula, kumbe huenda mlipima kumbukumbu yake ya jiwe. Na kwa siku mbili! Mbwa aliyehamishwa huhitaji siku kadhaa ili alale vizuri tu, na wiki kadhaa ndipo tabia yake halisi ijitokeze.

Kwa hiyo siku ya semina msiigawe kwa vipimo. Wakalisheni watu nje ya uzio kwa saa mbili, kila mtu na daftari, na wakatazeni kabisa maneno kama "mkali", "mpole" au "mkorofi". Aandike alichoona, yaani mbwa amelamba pua ilhali hakuna chakula, amepiga miayo ilhali hana usingizi, amegeuza kichwa pembeni, ameficha mkia, amesimama juu ya vidole, amefunga mdomo ghafla. Kisha aandike kilichotokea nukta moja kabla ya hapo, kwa mfano pikipiki kupita au mwanamume mwenye kofia kuingia. Mtashangaa jinsi watu kumi wanavyomwona mbwa mmoja kwa namna kumi, na mabishano yatakayozuka hapo ndiyo somo lenyewe.

Jioni fundisheni jambo moja la vitendo, nalo ni kumzoesha mbwa kwamba mtu anayekaribia bakuli analeta na hachukui. Anapokula, pita umbali ambao hata masikio hayageuki, mrushie dagaa mmoja karibu na bakuli, uendelee na safari yako bila kusimama. Rudia kwa siku kadhaa ukipunguza hatua moja tu kila mara, na akikakamaa, ujue umeharakisha, rudi nyuma. Akinguruma msimpige. Ukimpiga utakuwa umemnyang'anya kengele, na siku nyingine atauma bila kukutaarifu.

Fundi wa Igogo:

Heshima kwako Mzee, lakini naona mmeelemea upande mmoja. Nina watoto wadogo watatu, na siwezi kumpokea mbwa kwa sababu tu mmeandika daftari zuri. Wako mbwa ambao hawafai kuishi na watu, na mwisho wa yote lazima mtu atamke ndiyo au hapana.

Mkufunzi Mstaafu, Pasiansi:

Ni kweli, Fundi, na sijasema uamuzi usifanywe. Mbwa aliyeuma watu zaidi ya mara moja hadi kuacha mashimo ya meno, bila kuchokozwa na bila ugonjwa, mimi mwenyewe nisingempeleka kwenye nyumba yenye watoto. Ninachokataa ni uamuzi huo kutolewa na bakuli moja na fimbo moja. Isitoshe, wengi wanaokuja kuomba mbwa hapa kwetu wanataka wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, nao watamkataa yule mliyemwita mpole. Mwangalieni mbwa saa nne za usiku pia, kwa sababu huyo ndiye mbwa atakayefugwa.

Mama Wawili, Kisesa:

Mimi nitasema kama mfugaji. Niliwahi kupewa mbwa na watu wa kujitolea, si hawa wa Nyegezi, nikaambiwa amefaulu vipimo vyote. Wiki ya kwanza alimaliza kuku wanne wa jirani. Hakuna aliyekuwa amemwona mbele ya kuku, wala mimi sikuulizwa kama jirani anafuga. Ningefurahi zaidi kupewa karatasi inayosema "hatujamjaribu na kuku" kuliko cheti cha kufaulu.

Kijana wa Nyegezi:

Daktari, shikamoo, na Mzee wangu wa Pasiansi, shikamoo. Mbwa wote tisa walichanjwa juzi, na sisi wenyewe tumeanza kuuliza hospitalini kuhusu dozi zetu. Fundi, nimekuelewa, na tumekubaliana kwamba uamuzi wa kumwondoa mbwa utafanywa na watu wasiopungua watatu pamoja na daktari, baada ya kusoma daftari la wiki tatu. Mama Wawili, safu ya "hatujamjaribu" imeongezwa, na bahati mbaya ndiyo ndefu kuliko zote. Ratiba ya vipimo tumeifuta, na mwenzetu mwenye mkono wa plastiki amenuna kidogo.

Kuhusu yule jike wa kahawia, leo ni siku yake ya 20. Asubuhi nilipompelekea chakula kamba ya kiatu changu ilifunguka, nikainama kuifunga bila kufikiri. Alirudi nyuma hatua mbili, akalamba pua, akanitazama hadi nilipomaliza, kisha akaja kula nikiwa bado nimechuchumaa. Nimeandika hivyo hivyo, pamoja na saa.