Njia za baiskeli zisizo na magari, nje ya Kampala

Wadau, nimechoka kubanana na taksi na boda huku mjini, nataka barabara ya vumbi nipige baiskeli wikendi bila honi. Niende wapi?

— Visiwa vya Ssese kaka, ndani ya Ziwa Victoria. Panda feri pale Nakiwogo, Entebbe, ushukie kisiwa cha Bugala, huko ni changarawe nyekundu katikati ya michikichi, gari moja moja tu, ila vumbi litakupaka mpaka kope.

— Mi nasema Ziwa Bunyonyi, karibu na mji wa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda. Liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, vilima vyake si mchezo, giya ndogo lazima.

— Na mvua je? Machi mpaka Mei tope linaganda kwenye tairi hadi gurudumu linagoma, beba kijiti cha kukwangulia.