Jointi ya kebo ya pampu ya kisima inavuja umeme: ninunue mrija gani wa kusinyaa?

Jambiani_Juu
Assalaamu alaykum wanajamvi. Naomba ushauri wa mafundi wa umeme na wa visima.

Pampu ni ya kuzamisha, nguvu farasi moja (kilowati 0.75), fezi moja, volti 230. Imekuja na kebo yake fupi ya mita moja na nusu, kwa hiyo imeungwa na kebo ndefu ya mpira yenye nyuzi tatu za mm² 1.5. Kisima kina futi 60 hivi na maji yana chumvi kidogo, kama visima vingi vya huku pwani. Fundi alisokota nyaya, akavisha mirija myembamba ya kusinyaa (ile ya plastiki inayojibana ikipata moto), kisha akazungusha tepu nyeusi. Siku za mwanzo ilikwenda vizuri. Sasa breka ya kuvuja ya miliampu 30 (ile inayokata umeme ukivuja) inaanguka kila pampu ikiwashwa. Tukiipandisha na jointi ikakaa juani ikakauka, breka inashika tena.

Dukani Darajani nimeonyeshwa mirija miwili, mmoja wa bei ndogo umeandikwa 2:1, mwengine wa bei kubwa zaidi umeandikwa 3:1. Nichukue upi, kipenyo gani, urefu gani? Na kiberiti cha gesi kinatosha kuusinyaza?

nyuzi_tatu
Waalaykumu salamu. Dalili uliyoitaja inakaribia kumaliza swali. Ingekuwa mota yenyewe imeingia maji, kuianika jointi juani kusingeirudisha. Maji yanaingia kwenye jointi.

Sababu ni mrija waliotumia. Ule mwembamba wa 2:1 ndani yake hauna gundi. Unakinga mkono usiguse shaba na unazuia nyaya zisigusane, basi. Maji hupita baina ya mrija na ngozi ya waya polepole, na ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi kuliko ya mvua. Tepu nyeusi nayo gundi yake hulainika kwa joto na kuachia majini. Kazi ya kuzamisha inataka mrija wenye gundi ndani, ule wa kuta mbili: nje plastiki inayosinyaa, ndani gundi inayoyeyuka kwa moto na kujaza kila mwanya.

pwani_umeme
Njia rahisi, toa hiyo breka ya kuvuja weka breka ya kawaida. Hizi za miliampu 30 zinasumbua sana kwenye pampu.

voltimita
Hapana, ndugu yangu, ushauri huo usifuatwe na mtu yeyote. Breka ya kawaida huanguka kwa mkondo mkubwa, kwa mfano ampea 10 au 16. Mkondo unaovuja majini unaweza kuwa mdogo mara mia kuliko huo na bado ukaua mtu anayeteka maji au anayeoga huku bomba la chuma limepata umeme. Breka ya kuvuja inafanya kazi iliyowekewa. Kinachotengenezwa ni jointi.

pwani_umeme
Nimekuelewa, maalim. Nimeuondoa ushauri wangu.

fundi_mota
Mwenye uzi, nakupa vipimo kamili.

Namba 2:1 na 3:1 maana yake ni kiasi gani mrija unasinyaa. Wa 2:1 wenye mm 6 unafika mm 3. Wa 3:1 wenye mm 6 unafika mm 2. Kanuni ni mbili na zote zitimie pamoja: kabla ya moto upite juu ya sehemu nene kuliko zote, na ukisinyaa wote uwe mdogo kuliko sehemu nyembamba kuliko zote. Ukiuchagua mrija ambao ukifika mwisho wake bado unalingana na waya tu, haubani, na gundi haisukumwi kuingia mahali.

Uzi wa mm² 1.5 wa kebo ya mpira una unene wa mm 3 hivi pamoja na ngozi yake. Kiungo cha shaba cha kubana (kijibomba kinachominywa juu ya ncha mbili za waya) cha saizi hiyo kina mm 4 hivi kwa nje. Kwa hiyo kila uzi uchukue mrija wa gundi wa 6/2, yaani mm 6 kabla ya moto na mm 2 ukisinyaa wote. Ngozi ya nje ya kebo yako ina mm 10 hadi 11, ipime kwa kalipa ukiwa nayo. Hapo tumia 19/6.

Usikate nyaya zote mahali pamoja. Viungo vitatu vikikaa ubavu kwa ubavu vinatengeneza nundu ambayo mrija wa nje hauwezi kuikumbatia sawasawa, na shaba zinakaribiana. Vipishanishe. Baina ya ngozi ya nje ya kebo ya pampu na ya kebo ndefu acha mm 180. Upande wa pampu kata kahawia mm 40, buluu mm 90, kijani-manjano mm 140. Upande wa kebo ndefu kinyume chake: kahawia 140, buluu 90, kijani-manjano 40. Kila rangi ikijumlishwa inakupa 180, na viungo vinapishana kwa mm 50.

Mrija wa kila uzi uwe mm 70: kiungo katikati na angalau mm 20 juu ya ngozi ya waya kila upande. Mirija hii hupungua urefu pia, weka asilimia 10 ya ziada. Ule wa nje uukate mm 310, upande ngozi ya kebo mm 50 huku na huku. Ya gundi huuzwa kwa fimbo za mita 1.22 mara nyingi, kwa hiyo fimbo moja ya kila saizi inakutosha na kubaki.

Kabla ya kuunga, mirija midogo iegeshe kwenye upande wenye uzi mrefu. Wa kahawia kwenye kebo ndefu, wa kijani-manjano kwenye upande wa pampu. Wa buluu unabana kidogo lakini unaenea: una mm 90 za uzi kwa mrija wa 70.

Jambiani_Juu
Allah akulipe kheri. Fundi wangu anasema atayeyusha risasi ya kuungia waya kwa pasi ya umeme badala ya viungo vya kubana. Kuna tofauti?

nyuzi_tatu
Ipo. Risasi hupanda ndani ya nyuzinyuzi na kuingia chini ya ngozi ya waya, na pale inapoishia waya unakuwa mgumu upande mmoja, laini upande wa pili. Pampu inapowaka inajipinda kidogo, kebo inatikisika, na nyuzi hukatika hapohapo kwenye mpaka. Ile dawa inayopakwa ili risasi ishike nayo ikibaki, hasa ya asidi ya mabomba, inaila shaba ndani ya mrija uliofungwa. Na kwa vipimo alivyotoa fundi_mota, mrija wa buluu uko umbali wa mm 20 tu na mahali pa kuungia. Joto la pasi litausinyaza kabla haujafika kazini.

Kubana kunataka plaizi yake, yenye meno ya saizi ya kiungo. Ukiminya kwa koleo la kawaida kiungo kinakuwa bapa na waya unachomoka. Ukishaminya, vuta kwa mkono kwa nguvu. Kikisogea hata kidogo, kata uanze upya.

dada_spana
Naongezea usafi, kwa sababu hapa ndipo jointi nyingi za gundi zinapoharibika na watu wakalaumu mrija. Gundi haishiki kwenye mafuta, chumvi wala vumbi. Futa ngozi ya kebo kwa spiriti mm 80 kila upande, acha ikauke. Halafu paka msasa kwa kuzunguka kebo. Usipige msasa kwa urefu, mikwaruzo ya urefu inakuwa vijifereji vya kupitishia maji mpaka ndani. Baada ya msasa futa tena, na usishike kwa vidole vyenye jasho.

Halafu kuna pale nyuzi tatu zinapotoka kwenye ngozi ya nje. Katikati yao pana shimo la pembe tatu ambalo gundi ya mrija wa nje pekee huwa haifiki. Chomeka kipande kidogo cha tepu ya butili, ile laini kama ulimbo, katikati ya nyuzi pande zote mbili kabla ya kuvuta mrija mkubwa. Ikipata moto inajaza.

Shaba ya waya ikiwa imeshakuwa nyeusi au kijani ndani, usiiunge. Kata nyuma mpaka ufike shaba inayong'aa. Kwa jointi iliyokunywa maji ya chumvi, kutu hiyo huingia mbali chini ya ngozi ya waya, kwa hiyo uwe na ziada ya kebo.

Mkoani_Boti
Kuhusu moto. Mirija hii ya poliolefini huanza kusinyaa kwenye nyuzi joto 90 hivi na kumaliza karibu na 120. Mashine ya kupuliza hewa ya moto ndiyo kifaa chake. Iweke umbali wa sentimita 5 hadi 7, izungushe kebo yote, usisimame mahali pamoja. Kiberiti cha gesi kinaweza kusinyaza kijirija kidogo kwenye kazi ya mezani, lakini kwa mrija wa mm 19 kinachoma upande mmoja huku mwengine haujapata joto, na masizi yanaficha kama umeungua.

Mrija mkubwa anzia katikati, nenda upande mmoja mpaka mwisho, kisha rudi katikati uende upande wa pili. Ukianza na ncha zote mbili, hewa inafungiwa ndani na utaona uvimbe. Umekamilika pale unapoona umbo la viungo limejichora juu yake na duara la gundi limechungulia kwenye ncha zote mbili, kuzunguka pande zote. Duara likikatika mahali, ongeza joto hapo. Mrija ukianza kung'aa sana, kutoa malengelenge au kupasuka, umezidisha.

Mambo mawili ya huku kwetu. Kwenye upepo wa kaskazi usifanye kazi hii wazi kando ya kisima, upande wa upepo unapoa na gundi haiyeyuki. Kinga kwa ubao au boksi. Na kata mrija kwa mkasi mkali, ncha iwe sawa. Ncha iliyochanika inaendelea kuchanika ikisinyaa.

Jointi ikishakuwa tayari, acha ipoe bila kuipinda.

Kojani_Fundi
Hapohapo naomba kuuliza, kwenye boti nina kebo ya betri ya mm² 25 na lagi (vichwa vya shaba vyenye tundu vya kufungia kebo) zinaota kijani. Mrija wa 3:1 wa gundi wa 12/4 unatosha?

Mkoani_Boti
Pima kwanza. Kebo laini ya saizi hiyo ina mm 9 hadi 10 na shingo ya lagi iko karibu na hapo, kwa hiyo 12/4 unapita kwa tabu. Chukua 19/6, unateremka bila wasiwasi na bado unabana. Urefu mm 45, ufunike shingo yote ya lagi na mm 25 za kebo. Bapa lenye tundu usilifunike. Uvishe kabla ya kubana lagi, usitegemee kuupitisha juu ya bapa baadaye. Na kwa boti tafuta kebo ya shaba iliyopakwa bati, kwa sababu shaba tupu huliwa na chumvi kutokea ndani hata mrija ukiwa mzima.

voltimita
Kuhusu kutambua mzigo wenyewe dukani: kata kipande cha mm 5 ukitazame ubavuni. Wenye gundi utaona kuta mbili, ya ndani imefifia rangi au inang'aa kama nta. Ukiona ukuta mmoja, huo ni wa kawaida hata kama muuzaji anasema una gundi. Kwa waya unaopita juani, mfano kwenye mabati kwa ajili ya sola, chagua mweusi, rangi nyengine hupauka na kukakamaa mapema.

Sasa kipimo, msikiruke. Kabla ya kuunga, pima mota peke yake kwa mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500, baina ya nyaya na mwili wa pampu, uandike namba. Ukimaliza jointi, itie kwenye ndoo ya maji yenye chumvi kidogo, ilale usiku. Asubuhi pima tena kutoka mwisho wa kebo ndefu: kahawia na buluu zikiwa pamoja, dhidi ya kijani-manjano, kisha dhidi ya maji yenyewe kwa kutumbukiza waya mtupu kwenye ndoo. Namba ikishuka sana kuliko ya kwanza, jointi inakunywa. Chini ya megaomu 1 usiirudishe kisimani kabisa. Multimita ya kawaida haifai hapa, volti zake ni ndogo mno, itakuambia salama hata jointi ikiwa mbovu.

Mkiwa mnafanya haya yote, umeme ukatwe kwenye swichi kuu na mtu asiweze kuurudisha.

fundi_mota
Na mrija hauna kazi ya kubeba uzito. Pampu ining'inie kwa kamba ya nailoni au kwa bomba lake. Kebo ifungwe kwenye bomba kila mita 2 au 3, na kwenye jointi iachwe ilegee kidogo. Funga juu na chini ya jointi, juu yake penyewe usifunge. Visima vyetu vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kuta zake zina makali, na mrija ukisuguana nalo kila pampu inapowaka hautamaliza mwaka.

Jambiani_Juu
Shukrani sana nyote. Naandika cha kununua: mrija wa gundi 3:1 wa 6/2 fimbo moja, wa 12/4 fimbo moja kwa nje kwa sababu 19/6 dukani umekwisha, viungo vya kubana vya mm² 1.5 vitano, viwili vya akiba, tepu ya butili, spiriti na msasa laini. Niende hivyo?

fundi_mota
Kasoro 12/4. Kebo yako ina mm 10 hadi 11, na viungo vikishavishwa mirija yao, pamoja na nyuzi nyengine mbili kando na butili, bunda linafika mm 12 au kuzidi. Hautapita, na ukipita kwa kulazimisha utaikwangua butili yote. Kama 19/6 hamna, 24/8 utafaa: 8 bado ni ndogo kuliko 10 yako, utabana. Na ndio wa kwanza kuvishwa kwenye kebo ndefu, kabla hujaminya kiungo hata kimoja.