Kutoka Unguja hadi Pattaya: kufika na kuzunguka mjini

MtuWaMtoni
Assalaam alaykum. Mwisho wa mwezi wa kwanza tuna safari ya Thailand, watu watatu, mmoja wetu ni mama mkwe ambaye goti halimruhusu ngazi nyingi. Tunaondoka uwanja wa Kisauni na Ethiopian, tunabadilisha ndege Addis Ababa, tunatua Suvarnabhumi, uwanja wa Bangkok, mchana. Hoteli iko Jomtien, upande wa kusini wa Pattaya, viza tayari. Kutoka uwanjani tupande nini bila kuingia Bangkok? Na mjini watu wanakwendaje? Nasikia kuna gari za baht 10, fedha ya huko, kisha mwengine anasema katozwa 200 kwa gari hizo hizo. Siku moja tungependa kuvuka kisiwa cha Koh Larn.

Kiponda_Juu
Waalaykum salaam. Kabla ya gari, anza na kadi ya manjano. Anayetoka Tanzania anatakiwa awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na sindano iwe imepigwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Kuwa nayo mkobani hakutoshi. Pale Suvarnabhumi, kabla ya foleni ya uhamiaji, kuna dawati la afya limeandikwa Health Control. Unajaza fomu, wanaangalia kadi, wanagonga muhuri. Ukilipita, utasimama foleni nzima, ukifika mbele ofisa akurudishe nyuma. Na goti la mama, hilo si jambo dogo.

Tangu tarehe 1 Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingilia nchini, inaitwa TDAC. Inajazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika, kila mtu yake, na ni bure. Ukurasa ukikudai dola, ujue si wa serikali.

Shilingi yetu kule hakuna wa kuibadilisha. Chukueni dola safi zisizo na mikunjo wala maandishi, noti za 100 ndizo zinazopata bei nzuri. Msibadilishe nyingi pale mnapotokea na mizigo. Teremkeni kwa lifti hadi chini kabisa, inakoanzia treni ya mjini, vibanda vya huko bei zao ni bora. Mashine za benki hukata baht 220 au zaidi kila ukitoa kwa kadi ya nje.

Binti_Wete
Kutoka uwanjani hadi Pattaya ni kama kilomita 120, saa mbili hivi. Basi namba 389 haliingii Bangkok kabisa. Liko ghorofa ya 1, karibu na mlango namba 8, tiketi dirishani hapo hapo, chini ya baht 200 kwa mtu. Kateni mara tu mkitoka, maana likijaa mnangoja jengine.

Panapoharibika ni pa kuteremkia. Basi linasimama kwanza kwenye njia panda za barabara kuu ya Sukhumvit: Pattaya Nua, Klang, kisha Tai, yaani kaskazini, kati na kusini. Mgeni akisikia "Pattaya" anaruka na mabegi yake, kumbe ufukwe bado uko mbali, na wenye gari za kukodi wanamngoja pale pale. Nyinyi kaeni mpaka mwisho wa safari, Thappraya Road, hapo ndipo Jomtien.

Kiponda_Juu
Hapo kwenye basi mimi sikubaliani nawe, dada. Kwa kijana mmoja, sawa. Watu watatu, mabegi, goti bovu, na kutoka kituoni bado kuna gari jengine hadi hotelini: teksi. Ni baht 1,200 hadi 1,500 kwa gari nzima. La kuuliza kabla ya kufunga mlango ni moja tu: bei hiyo pamoja na ada za barabara ya kulipia, au mbali?

Binti_Wete
Haya, kwa ajili ya mama nakubali.

Sasa hizo baht 10. Zinaitwa songthaew: pikapu za buluu iliyoiva, nyuma mabenchi mawili yanatazamana, mfano wa daladala zetu za mbao, ila utingo hakuna. Ikiwa inatembea na ina watu, inua mkono, panda, usiseme neno. Ukifika, bonyeza kengele iliyo kwenye dari, teremka, nenda dirisha la mbele upande wa kushoto, mpe dereva sarafu kamili, endelea na njia yako. Ukimuuliza "mpaka pahala fulani ni kiasi gani?" ushaikodi, na hapo ndipo 200 inapozaliwa. Iliyoegeshwa tupu nayo ni ya kukodi. Ikiacha njia yake, bonyeza kengele uteremke.

Njia zenyewe: Beach Road inakwenda upande mmoja tu, kaskazini kuelekea kusini. Kurudi ni Second Road. Kwa hiyo anayetaka kwenda kaskazini akisimama Beach Road atangoja bure. Za Jomtien zinapangana foleni kwenye kona ya Second Road na South Pattaya Road, zinaondoka zikijaa, nauli 10 hadi 20. Usiku mkubwa wengi hawataki ila kukodiwa. Tumieni Bolt au Grab, programu za simu za kuitia gari, bei mnaiona kabla.

Maringi2
Koh Larn: feri zinatoka gati ya Bali Hai, kusini, kupita Walking Street, mtaa wa starehe za usiku. Baht 30, dakika 45 hivi. Kuna ya Naban, kijijini, na ya Tawaen, ufukweni moja kwa moja. Kwa mama chukueni ya Tawaen, kule Naban mtahitaji gari tena. Nendeni siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi na Jumapili watu wa Bangkok wanajaa. Mkishuka tu, ulizeni saa ya feri ya mwisho. Ukiikosa, inabaki boti ya mwendo kasi kwa bei anayotaka mwenyewe.

Pikipiki za kukodi zipo kila kona, na kule ni kushoto kama kwetu, lakini bila kibali cha kimataifa chenye daraja la pikipiki polisi wanakutoza, na ukianguka bima hailipi. Pasipoti usiweke rehani. Weka fedha, na piga picha kila mkwaruzo kabla ya kuondoka.

MtuWaMtoni
Ahsanteni sana. Chakula je?

Binti_Wete
Pattaya Kusini, mitaa ya karibu na Walking Street, ina migahawa ya Kiarabu na ya Kihindi. Kwengine msijiaminishe kwa kuwa mmeagiza samaki au mboga, kikaango huenda kimetiwa mafuta ya nguruwe. Tafuteni alama ya halali. Hata vyakula vya pakiti vya 7-Eleven baadhi vinayo, imeandikwa kwa Kiarabu.