Naomba ushauri: Mazda Demio ya dizeli kwa mizunguko ya Dar, itanifaa au nitajuta?

Mtu wa Goba
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisaidie kabla sijatoa hela, maana hii hela nimeidunduliza miaka mitatu na nyuma yake sina nyingine.

Kuna Demio ya 2015 nimeiona mahali, ile shepu mpya, nyeusi, kwenye kadi imeandikwa DJ5FS, cc 1,498 dizeli, gia otomatiki. Dashibodi inasoma kilomita 84,000. Ndani safi, AC inagandisha, nimezunguka nayo kidogo tu na ukikanyaga inavuta mpaka unajiuliza kweli hii ni Demio? Muuzaji anasema lita moja inakwenda kilomita 22 na kwamba dizeli haifi kama petroli.

Matumizi yangu ni haya, nakaa Goba, asubuhi nawashusha watoto shule halafu nateremka Tangi Bovu kazini, jumla kama kilomita tisa, foleni yake mnaijua. Jioni narudi njia ileile. Jumapili kanisani na sokoni. Desemba Mungu akijalia tunapanda Moshi kuwaona wazazi. Basi.

Ninachotaka kujua ni kama hizi injini zinadumu kweli, sevisi yake ni sh ngapi ukilinganisha na petroli, na mafundi wa mtaani wanaziweza? Maana kuna jamaa kazini kaniambia nikimbie na kuna mwingine kaniambia ninunue leo leo, nimebaki katikati.

Nakaa Hapa Nisome
Nafuatilia mkuu, dada yangu anaitaka hiyohiyo.

Fundi Nozo
Mkuu nimeshika nozo (vile vinyunyizio vya dizeli) na pampu tangu enzi za Hilux za injini za 2L na 3L, na sa hivi hizi za kompyuta ndo zinanilisha, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Kwanza hiyo kauli ya dizeli haifi ilikuwa kweli kwa zile za zamani. Zile hata uzitilie dizeli ya kwenye dumu zilikuwa zinatoa moshi mweusi zinaendelea na safari. Hii ni mnyama mwingine. Ina turbo, ina komon reli (bomba moja linalogawia nozo zote dizeli) yenye presha kubwa sana, ina EGR inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, na kwenye ekzosi ina kile kichujio cha masizi, DPF. Injini yenyewe Mazda wameitengeneza vizuri, ni cheni siyo mkanda, gia ni otomatiki ya kawaida ya spidi sita siyo CVT ile isiyo na hatua za gia, hapo sina neno baya. Tatizo lako ni kilomita tisa.

Sikiliza DPF inavyofanya kazi. Ina vitundu vidogo mno vinavyokamata masizi yasitoke nje. Yakijaa kiasi fulani kompyuta yenyewe inaamua kuyachoma, inaongeza dizeli kidogo mwishoni mwa mpigo ili ekzosi ipate moto kama nyuzi 600 hivi, masizi yanaungua yanatoka kama gesi, yanabaki majivu kidogo tu. Kazi hiyo inataka injini iwe imeshapata moto na gari itembee bila kusimama simama kama dakika 15 mpaka 20. Wewe ukitoka Goba injini inaanza kupata moto unafika shule, unazima, unawasha, foleni, unafika kazini unazima. Kule ndani ilikuwa ndo imeanza kuchoma, umeikata. Kesho inaanza tena, unakata tena. Ile dizeli ya ziada ambayo haikuungua inateremka pembeni ya pistoni inaingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji, na hapo ndo unasikia turbo imekufa au injini imegonga na mwenye gari analia kwamba kila siku alikuwa anafanya sevisi.

Kwa hiyo usiniulize kama gari ni nzuri, gari ni nzuri. Niulize kama inakufaa wewe.

Mtoto wa Uyole
Fundi kaongea ukweli lakini naomba wana Dar msiiue hii gari kwa ajili ya foleni zenu.

Mimi ninayo ya 2016, nimeinunua ikiwa na 68,000 leo iko 131,000. Nafanya biashara ya nguo, kila wiki natoka Mbeya naenda Njombe na kurudi, zaidi ya kilomita 200 kila upande, na mara moja kwa mwezi nashuka Dar kuchukua mzigo. Lita moja napata kilomita 20 mpaka 21 nikiwa sina haraka, nikipakia siti ya nyuma mpaka juu inashuka 18. Mlima Kitonga napanda nikiwa nyuma ya malori, nikipata nafasi naipita moja kwa moja bila kuisikia injini inalia, torki yake, yaani nguvu ya kuvuta, kwa otomatiki ni Nm 250 na ile 1.3 ya petroli nusu yake tu. Mke wangu alikuwa na hiyo ya petroli, najua ninachokilinganisha.

Nilichobadilisha mpaka leo ukiacha sevisi: bushi za mbele, linki za stabilaiza mara mbili, betri moja (hii iandae hela, gari ina ule mfumo wa kuzima injini kwenye taa, betri yake siyo ya kawaida na ukifunga ya kawaida haikai), na kusafisha inteki (njia ya kuingizia hewa kwenye injini) ilipofika 110,000. Hiyo ya inteki nilisimama mwenyewe nikaangalia, fundi aliifungua yakatoka masizi yaliyoshikana na oili kama lami ya barabarani, tundu la kupitisha upepo lilikuwa limebaki la kupitisha kidole gumba. Walikwangua siku nzima. Baada ya pale gari ikarudi kuvuta kama siku ya kwanza.

Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 sisubiri 10,000, na natumia ile inayoacha majivu kidogo, chupa iwe imeandikwa DL-1 au C3. Filta ya dizeli kila sevisi ya pili. Dizeli naweka vituo viwili vitatu ninavyovijua, kwenye dumu siweki hata ikiwa usiku wa manane.

Kijana wa Tegeta
Mbona mnamtisha mwenzetu, mafundi wanatoboa hiyo DPF wanatoa masega yote (kile kichujio cha ndani) wanaifuta kwenye kompyuta, nusu siku kazi imeisha, shida imekwisha.

Fundi Nozo
@Kijana wa Tegeta zinaletwa kwangu hizo zilizotobolewa. Ukitoa masega bila kuandika upya kompyuta gari inaingia kwenye hali ya kujilinda haivuti hata mlima wa Makongo. Ukiandika na mtu asiyejua anaharibu vipimo vya dizeli unakuja kuunguza pistoni. Na hata ikifanywa vizuri, EGR bado ipo, inteki itaendelea kujaa vilevile. Halafu ule moshi unaotoka hapo nyuma wanauvuta watoto wa watu walioko kwenye bajaji na bodaboda, na mtu wa Goba mwenyewe kasema anabeba watoto. Mimi kazi hiyo siifanyi.

Mkaaji wa Kasarani
Salamu kutoka Nairobi. Huku dizeli ndogo kutoka Japan ziko nyingi, kwa sababu sisi haturuhusiwi kuingiza gari ya zaidi ya miaka minane, hivyo nyingi zinazofika ni hizi za kisasa zenye DPF.

Mimi nilikuwa na moja ya kampuni nyingine, sitaitaja, nikaitumia vile huyu ndugu anataka kuitumia, nyumbani ofisini, ofisini nyumbani. Taa ya DPF ikawaka, mtu wa gereji akaifuta na mashine ya kusoma kompyuta ya gari akaniambia ni sensa. Ikawaka tena akaifuta tena. Mara ya tatu haikufutika, na gari ilikataa kupita kilomita 40 kwa saa nikiwa Thika Road, malori yananipigia honi, mtoto nyuma analia. Ile taa ukiiona mara ya kwanza ingia barabara kubwa uendeshe dakika ishirini bila kusimama, mara nyingi itazima yenyewe. Usikubali mtu aifute kabla hajakuonyesha kwenye mashine DPF imejaa kiasi gani. Hapo ndipo nilipoteza pesa.

Mama Wawili
Mimi ni mhasibu siyo fundi, naomba nipige hesabu tu maana naona watu wote mnaongelea ulaji wa mafuta na hakuna aliyeweka namba.

Kaka wa Goba, kwa uliyoyaeleza unatembea kama kilomita 450 kwa mwezi. Kwenye foleni tusidanganyane hiyo dizeli haitakupa 22, tuseme 16. Hiyo ni lita 28. Ile ya petroli cc 1,300 tuseme 12 kwenye foleni hiyohiyo, ni lita 37 na nusu. Tofauti lita tisa na nusu. Tukiweka lita kwa sh 2,800 zote mbili kurahisisha, unaokoa kama sh 26,000 kwa mwezi, laki tatu na kidogo kwa mwaka. Sasa toa hapo oili maalumu, toa filta ya dizeli, toa betri. Ikitokea DPF au nozo moja tu imesumbua, akiba ya miaka kadhaa imeondoka siku moja. Kwa huyu wa Uyole hesabu inageuka kabisa, yeye anatembea kwa wiki mbili unachotembea wewe miezi miwili, akiba yake inalipa kila kitu na inabaki.

Swali langu kwako, huyo muuzaji anataka sh ngapi zaidi ya zile za petroli? Maana kama ni bei juu ndo kabisa.

Mtu wa Goba
Asanteni sana kwa kweli. Dada hapo kwenye hesabu umenigusa, dizeli anaiuza juu ya petroli ya mwaka huohuo kwa milioni moja na nusu.

Ila moyo bado uko kwenye ile gari. Fundi, kesho kutwa naenda kuiona tena, nikague nini ambacho hata mimi nisiyejua naweza kukiona?

Fundi Nozo
Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Shika boneti kwa mkono, iwe baridi. Ukiikuta ina moto jua wameshaiandaa.

Chomoa stiki ya oili, futa, rudisha, chomoa tena. Stiki ya Mazda dizeli ina alama ya chini, alama ya juu, na juu yake zaidi kuna alama ya X. Oili ikiwa inakaribia X maana yake dizeli imeingia humo. Inuse, isugue kwenye vidole viwili, oili nzuri hata ikiwa nyeusi inateleza nzito. Kuwa nyeusi kwa dizeli ni kawaida usiogope.

Halafu muwashe, usikilize kwenye baridi. Ikitulia chomeka mashine, angalia marekebisho ya nozo kwa kila silinda na presha ya DPF. Ukiona raundi za injini ziko juu kidogo ikiwa imesimama na feni inazunguka kwa nguvu, inawezekana iko katikati ya kuchoma, usiizime, zunguka nayo. Na uombe karatasi ya mnada ya Japan ulinganishe kilomita.

Mtu wa Goba
Wakuu nimerudi.

Nilifika saa moja asubuhi, boneti baridi. Nikachomoa stiki kama nilivyoelekezwa. Oili iko juu ya alama ya juu, kama upana wa kidole kimoja kufika kwenye X. Nikainusa, harufu ya dizeli haina mjadala, na kwenye vidole ilikuwa nyepesi inachuruzika mpaka kwenye kiganja. Nikamuuliza muuzaji, akasema waliomwaga oili walizidisha kidogo. Nikaomba kadi ya sevisi hana. Nikamuuliza yeye anaitumia wapi, akasema hapahapa mtaani, kupeleka mke kazini na kumrudisha.

Nilikaa ndani ya ile gari dakika kama tano hivi bila kuwasha. Nilikuwa nimeshawaambia watoto. Nikashuka nikamshukuru nikaondoka.

Sasa nimeelewa, kwa safari zangu natafuta DJ3FS, ile ya petroli cc 1,298. Ile milioni na nusu inayobaki nitafunga matairi mapya na nyingine iwe ya sevisi. Kuna moja nimeambiwa iko Kigamboni, ya 2016, naenda Jumamosi. Fundi kwa hiyo ya petroli nianzie wapi?

Fundi Nozo
Umefanya vizuri sana mkuu. Kwa hiyo ya petroli anza na oili ya gia, ulizia imebadilishwa lini, na ukiwasha angalia inavyoingia D na R ikiwa baridi, isishtuke. Halafu piga nayo barabara ya matuta usikilize mbele. Stiki ya oili chomoa vilevile. Ukifika Jumamosi tupe mrejesho humuhumu.

Mtoto wa Uyole
Na hiyo nyeusi, kama muuzaji akishuka bei ya maana mniambie iko wapi. Nitakuja na mashine na fundi wangu, tuone kama turbo bado nzima. Mdogo wangu anaanza route ya Tunduma.