Je, dawa za kupunguza unene zinaweza kuleta uraibu?

Swali
Ndugu zangu, dada yangu ametumia vidonge vya fentermini kwa wiki 10. Uzito umepungua, lakini sasa analalamika kwamba kidonge kimoja cha asubuhi hakimtoshi, na juzi nilimkuta akihesabu vilivyobaki kwenye kichupa kwa wasiwasi. Rafiki yake anayejidunga semaglutidi ameambiwa kuwa akiacha, uzito utarudi, naye anadai kuwa huo nao ni uraibu. Naomba kueleweshwa.

Jibu la mfamasia
Dawa hizo mbili hazifanani hata kidogo. Fentermini ni jamaa ya amfetamini: huuchangamsha ubongo mpaka njaa isisikike, na mchangamko huohuo ndio unaoweza kumfanya mtu aitamani dawa yenyewe. Ndiyo maana Marekani, ilikoidhinishwa mwaka 1959, imo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa kisheria, na hukusudiwa kutumiwa kwa wiki chache tu. Mwili ukishaizoea, maelekezo ni kuiacha, wala si kuongeza kidonge. Kuhesabu vidonge kwa wasiwasi ni dalili ambayo mimi nisingeipuuza.

Muhimu zaidi, soma kichupa. Ikiwa fentermini imechanganywa na topiramati (dawa ya kifafa), asikatize ghafla, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kusababisha degedege. Daktari atampunguzia dozi hatua kwa hatua.

Jibu la mtumiaji wa zamani wa semaglutidi
Semaglutidi huiga homoni ambayo utumbo hutoa baada ya kula, ikiuarifu ubongo kwamba tumeshiba. Katika utafiti mmoja, walioiacha walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja, jambo linalokatisha tamaa, nakubali, lakini hata shinikizo la damu hupanda mgonjwa anapoacha vidonge na hatumwiti mraibu. Mimi nilipoacha, njaa ilirudi wiki ya tatu, nikajikuta nafungua jokofu usiku. Sindano yenyewe sikuitamani hata siku moja.

Aliyeuliza
Nimesoma kichupa: ni fentermini peke yake. Amekiri pia kwamba mara mbili alimeza viwili kwa siku na usiku huo hakupata usingizi. Kesho namsindikiza kwa daktari aliyemwandikia, na amekubali kulisema hilo mwenyewe.