Mjadala: Aliyelewa akalala ndani ya gari lake, ashitakiwe?

Usukani: Wadau, sikukuu ndizo hizi. Mtu kanywa, kajijua hawezi kuendesha, kalala kiti cha nyuma na ufunguo mfukoni. Trafiki wanagonga kioo, wanamfungulia kesi. Huu si uonevu?

Mpitanjia: Sheria ndivyo ilivyo kwingi, mkuu. Uingereza kuna kosa la kuwa na gari mikononi mwako umelewa, hata kama halijasogea. Marekani majimbo mengi yanaangalia umekaa kiti gani, ufunguo uko wapi, injini inaunguruma au la. Wengi huponzwa na kuwasha injini wapate kiyoyozi. Ila tusidanganyane, mwanamume mwenye mwili wake chupa mbili hazimtingishi. Hizi kesi ni za watu wepesi.

Bi Mizani: Hazimtingishi? Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina pombe tupu gramu 20 hivi. Mwanamume wa kilo 70 akiimaliza tumbo tupu anakaribia miligramu 40 katika mililita 100 za damu. Ya pili, 80. Scotland mwisho 50, Utah 50, majimbo mengine ya Marekani 80. Mwili unaondoa kama 15 kwa saa, basi. Aliyefika 160 saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi bado ana 70 na anajiona mzima. Kahawa, kuoga, kutapika, havipunguzi hata moja. Mwanamke wa kilo hizo hizo hupita 50 kwa chupa moja, maana maji mwilini mwake ni machache.

Tumbili Mzee: Mada ni gari, mama kaleta jinsia.

Mpitanjia: Na mimi sikutaja wanawake popote!

Bi Mizani: "Watu wepesi" ni akina nani, mabua?

Karani wa Zamu: Jamani, mtu kasimamishwa barabarani huku. Asikatae kupuliza: Uingereza kukataa bila sababu ya msingi ni kosa peke yake, na Marekani leseni inaweza kwenda hata kesi ya ulevi ikifa. Kama kamaliza kunywa au kusukutua kwa dawa ya kinywa sasa hivi, aseme. Pombe ya mdomoni hupandisha kipimo, ndiyo maana husubiriwa dakika 15. Mrija uwe mpya, kifaa kianze sifuri. Aandike saa aliyosimamishwa, saa aliyopuliza na namba ya kifaa, wakili atadai cheti cha uhakiki wake. Na aache "nimekunywa mbili tu, afande". Hapo keshakiri.

Tumbili Mzee: Hongera, mnafundisha walevi kuchomoka.

Karani wa Zamu: Kifaa kibovu kinamwachia mlevi vilevile kinavyomfunga asiye na kosa. Mlevi akipimwa sawasawa, wakili atashika wapi?

Tumbili Mzee: Ninyi mnashika popote penye malipo.

Karani wa Zamu: Mimi si wakili. Soma jina.

Usukani: Na yule aliyelala kiti cha nyuma?

Mpitanjia: Muulize Bi Mizani, labda keshampima kilo.

Bi Mizani: Kilo zake hazinihusu. Ufunguo alikuwa nao mfukoni, Usukani kaandika mwenyewe. Angemwachia asiyekunywa, akapanda teksi.

Usukani: Usiku wa sikukuu, teksi ipi?

Tumbili Mzee: Haya, sasa tumehamia teksi.